Bendi Imekwenda Wapi? Kilichozipata shoo za laivu kwenye bustani kubwa za burudani

Kuna mji wa Waswahili huko Florida, Marekani. Unaitwa Harambe, bila ile e ya pili. Kuta zake zimebambuka chokaa, nyaya za umeme zimening'inia kama zinavyoning'inia kwetu, na vibao vya maduka vimeandikwa Kiswahili: pa kununulia vinywaji panaitwa Tamu Tamu, baa inaitwa Dawa, na mwenye duka la peremende ni Zuri. Aliyewahi kupita vichochoro vya Lamu ataona kitu anachokijua, na macho yake hayajamdanganya. Joe Rohde, mbunifu wa Disney wakati huo, na wenzake walisafiri Afrika Mashariki kabla ya kuuchora mji huo, na Lamu ni mojawapo ya sehemu walizozichota. Ila Harambe haina wenyeji. Hakuna aliyezaliwa pale, wala hakuna kaburi la mzee yeyote. Ni kipande cha Disney's Animal Kingdom, bustani ya burudani iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998 karibu na Orlando, na ile chokaa ilibambuliwa kwa makusudi na mafundi wa rangi.

Katika mji huo imekuwa ikipiga bendi inayoitwa Burudika. Magitaa, ngoma, sauti za kupokezana. Watu wanatoka kwenye magari ya safari ya kuangalia wanyama, vumbi bado liko kwenye viatu, wanasikia gitaa linalia, wanasogea. Mtoto anaanza kukata kiuno kabla mama yake hajaweka mkoba chini. Kwa dakika ishirini hivi ule mji wa kuchora unapata watu. Bendi ikimaliza na kubeba vyombo vyake, kuta zinabaki vilevile, lakini unaanza kuona rangi na saruji.

Nimeanza na bendi hii kwa sababu ndiyo inayoonyesha vizuri jambo ninalotaka kulifafanua. Kwa miaka mingi sasa wapenzi wa bustani hizi, hasa wanaorudi kila mwaka, wanalalamika kwamba shoo za laivu zimeporomoka. Wenye bustani nao huonyesha kumbi mpya zenye skrini kubwa kuliko nyumba na kuuliza: imeporomoka wapi? Kila upande una ukweli wake, na ndiyo sababu mjadala hauishi. Neno "ubora" limebebeshwa mizigo mingi mno.

Ukiulizia ubora wa shoo, unaulizia nini hasa? Idadi ya wasanii waliopo siku hiyo? Urefu wa shoo? Kama sauti inatoka kooni mwa mtu au kwenye spika? Umbali kati yako na anayeimba? Ustadi wake? Mambo haya hayapandi wala kushuka pamoja. Ustadi, kwa maoni yangu, haujashuka hata kidogo. Waimbaji na wanasarakasi wa Orlando wangeweza kusimama kwenye jukwaa lolote duniani. Vifaa vimepanda juu sana. Kilichopungua ni watu wenyewe, muda wao, na nafasi ya msanii kukuona wewe uliyesimama mbele yake.

Turudi mwanzo kidogo. Disneyland ilipofunguliwa Anaheim, California, Julai 1955, bendi ya tarumbeta ilikuwapo siku ya kwanza. Iliajiriwa kwa wiki mbili tu, ikabaki. Ndani ya baa ya kuigiza ya mtindo wa Marekani ya magharibi kulikuwa na Golden Horseshoe Revue, shoo ya nyimbo na vichekesho iliyoendelea hadi 1986. Mchekeshaji wake mkuu, Wally Boag, alitazamwa mara nyingi mno na kijana mmoja aliyekuwa akiuza vifaa vya kiinimacho palepale bustanini. Kijana huyo ni Steve Martin, na amesema mwenyewe ni kwa kiasi gani alijifunza kazi yake kwa kumtazama Boag. Mwaka 1959 wakaja Dapper Dans, wanaume wanne wanaoimba kwa sauti nne bila ala, wakitembea barabarani. EPCOT, bustani nyingine ya Disney yenye pande zilizojengwa kuigiza nchi mbalimbali, ilipofunguliwa Florida tarehe 1 Oktoba 1982, ilikuja na Mariachi Cobre, bendi ya mariachi, muziki wa asili wa Meksiko, upande wa Meksiko na kwaya ya Voices of Liberty upande wa Marekani.

Wakati ule wasanii hawakuwekwa kuwa pambo. Bustani ilikuwa na mitambo michache ya kupanda, na siku ni ndefu. Mtu aliyelipa kiingilio alihitaji kitu cha kufanya kati ya mtambo na mtambo. Bendi ilikuwa jibu la bei nafuu: inahamishika, haihitaji jengo, na ikipiga kona moja inavuta watu kutoka kwenye foleni ya kona nyingine. Zaidi ya hapo, iliwafanya watu waamini mahali walipo. Ukisikia mariachi unasahau kwamba ile piramidi nyuma yao ina kiyoyozi.

Sasa tazama kilichotokea. Kuanguka hakukuja siku moja. Mwaka 2014 EPCOT iliachana kwa mkupuo na vikundi kadhaa vilivyozoeleka. Off Kilter, bendi ya roki ya Kiselti iliyopiga upande wa Kanada tangu 1997, ilikwenda. Mo'Rockin ya upande wa Moroko ilikwenda. Waigizaji wa vichekesho vya barabarani walikwenda. Haikuwa jangwa: pembeni mwa Moroko kililetwa kikundi cha wanawake wa Kimoroko, Italia wakaletwa warusha bendera, na Kanada wakaja wakata magogo wa maonyesho, ambao nao hawakudumu. Lakini watu waliokuwa wakirudi kila mwaka kumsikiliza mpiga gitaa yuleyule walipoteza mtu, na kupoteza mtu hakufanani na kupoteza ratiba.

Kisha ikaja 2020. Bustani za Disney za Florida zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona, zikaanza kufunguliwa tena tarehe 11 Julai. Mitambo ikarudi. Majukwaa mengi yakabaki giza. Mwishoni mwa Septemba kampuni ikatangaza kuwaondoa kazini watu 28,000 katika bustani zake za Marekani, na mwezi uliofuata ikajulikana kwamba miongoni mwao kulikuwa na waigizaji na waimbaji takriban 720 kati ya 780 waliowakilishwa na chama cha Actors' Equity huko Walt Disney World, eneo la bustani za Disney za Florida. Soma tena hesabu hiyo: karibu wote. Mtambo ukizimwa mwaka mzima unaupaka grisi na kuujaribu. Kundi la wasanii likitawanyika, mmoja amehamia jimbo jingine, mwingine anauza nyumba, mwingine goti limekataa, na ile elimu ya "hapa shuka taratibu, bamba linateleza" imeondoka na waliokuwa nayo.

Hapa kuna mfano unaonisaidia kuona tofauti, kwa sababu ni shoo ileile ikiwa katika hali mbili. Festival of the Lion King ni ya Animal Kingdom, tangu bustani ilipofunguliwa 1998. Mwaka 2014 ilihamishiwa ukumbi wa Harambe. Wenyeji wake wanne ni waimbaji wenye majina ya kwetu: Kiume, Nakawa, Zawadi na Kibibi. Watazamaji wanakaa pande nne kuzunguka uwanja, na magari manne yenye wanyama wakubwa yanaingia. Kuna wachezaji wa magongo marefu, kuna mcheza moto, kuna mcheza baleti anayerushwa hewani kama ndege. Na kuna wale nyani: wanasarakasi waliovaa manyoya, wanaoruka kwenye trampolini na kubembea kwenye vyuma huku wakimchokoza mtu wa safu ya mbele.

Shoo hiyo iliporudi Mei 2021 ilikuja kwa jina lililobadilishwa na umbo lililopunguzwa. Nyani hawakuwapo. Waimbaji walikuwapo, na walioitazama wanajua jinsi walivyoimba. Mwenye sauti alikuwa na sauti yake. Kinachofundisha ni pengo lenyewe. Sarakasi ndiyo ilikuwa sehemu isiyo na uhakika, ambapo mtu anaweza kukosa chuma, na ukumbi mzima unajua hivyo, unashika pumzi. Wimbo wa kurekodiwa haukosi chuma. Katikati ya 2022 nyani walirudi, na jina la zamani likarudi pamoja nao.

Haikuwa hivyo kwa kila shoo. Jirani yake, Finding Nemo: The Musical, iliyozinduliwa 2007, ilikuwa ya takriban dakika 40, na watu walibeba samaki wakubwa wa vikaragosi huku nyuso zao zikionekana wazi, ili utazame mkono unaoongoza na samaki anayeongozwa kwa wakati mmoja. Mwaka 2022 ilirudi kwa jina jipya na dakika 25, ikiegemea skrini zaidi. Vikaragosi ni vizuri bado. Hadithi ndiyo imekuwa mbio. Kwingineko, ukumbi wa Voyage of the Little Mermaid, uliofunguliwa 1992, ulikaa kimya miaka mitano hadi shoo mpya ilipoingia Mei 2025.

Kwa nini zipunguzwe, kama watu wanazipenda?

Jibu la kwanza lina umri wa miaka sitini. Mwaka 1966 wachumi William Baumol na William Bowen waliandika juu ya tatizo la sanaa za jukwaani, na hoja yao ni rahisi kuielewa ukiwaza ngoma. Wapigaji wanne wa leo wanahitaji dakika zilezile kumaliza wimbo ambazo babu zao walihitaji. Huwezi kuwaambia wapige mara mbili kwa kasi ili gharama ishuke, wala huwezi kumwondoa mmoja ukasema ngoma ni ileile. Kiwandani, mashine mpya humfanya mfanyakazi mmoja afanye kazi ya kumi, na mshahara wake unaweza kupanda bila bidhaa kupanda bei. Msanii hana mashine hiyo, lakini naye anakula, anapanga nyumba mjini mulemule, anahitaji mshahara unaokimbizana na wa wengine. Kwa hiyo mwaka hadi mwaka shoo ya laivu huwa ghali zaidi ikilinganishwa na kila kitu kinachoizunguka, hata kama hakuna aliyekosea popote.

Halafu kuna jambo ambalo mtazamaji halioni. Jukwaani unaona Kiume mmoja. Lakini shoo hupigwa mara kadhaa kwa siku, siku zote za mwaka, sikukuu zikiwemo, na koo la mtu haliwezi hivyo. Kiume ni watu kadhaa wanaopokezana, pamoja na wale walioufunza mwili wao sehemu tatu au nne ili waingie popote mwenzao akiumwa. Ongeza wa mavazi, wa sauti, wa taa, mlinzi wa usalama wa vyuma, na muda wa mazoezi ambao hakuna tiketi inayokatwa. Ukiondoa sehemu moja kwenye shoo, hujaondoa mtu mmoja kwenye orodha ya mishahara. Mwenye bajeti anajua.

Sasa chukua hesabu ya kubuni, ya kwangu mwenyewe. Tuseme bendi ya watu watano inapiga mara tano kwa siku na kila mara inasikilizwa na watu 150. Hao ni 750. Mtambo mmoja mkubwa unaobeba watu 1,500 kwa saa utakuwa umebeba 18,000 baada ya saa kumi na mbili. Ukiziweka hesabu hizi kwenye karatasi moja, bendi imeshindwa kabla haijafungua mkoba wa gitaa. Na bado karatasi hiyo haijasema yule mtoto aliyecheza alikumbuka nini alipofika nyumbani, wala kwamba wale 150 hawakuwa kwenye foleni wakati huo, wala kwamba maelfu walipita wakiisikia bila kusimama na kuhisi wako mahali fulani, si kwenye eneo la maegesho. Faida ya bendi imemwagika hewani, imesambaa. Hasara yake imeandikwa mstari mmoja unaosomeka.

Ndipo penye kiini cha jambo zima, kwa ninavyoliona. Shoo ya laivu kwenye bustani haina droo yake ya fedha. Imo ndani ya kiingilio. Hakuna anayejua ni shilingi ngapi za tiketi yako zilikuja kwa ajili ya mariachi. Kadiri bustani zinavyojifunza kuuza vitu kimojakimoja, kisicho na droo kinazidi kuonekana mzigo. Tangu 1999 Disney iligawa bure karatasi za kuruka foleni ya mitambo. Oktoba 2021 ilianza kuuza haki hiyo Florida kupitia simu. Foleni ikawa na bei. Mtambo wenye foleni ndefu ukawa na njia mbili za kuingiza fedha. Bendi inayopunguza foleni haina hata moja. Sisemi kuna mtu aliyeketi ofisini akapanga kuua bendi ili foleni irefuke. Sina sababu ya kudai hivyo. Nasema kwamba mizani ilihamishwa, na kilichokuwa upande mwepesi kikawa chepesi zaidi.

Ushahidi ninaouamini zaidi ni wa zile zilizobaki hai. Hoop-Dee-Doo Musical Revue ilianza 1974 kwenye kambi ya Fort Wilderness, ndani ya eneo la Walt Disney World. Waimbaji sita, kuku wa kukaanga kwenye ndoo, vichekesho ambavyo vimepita mikononi mwa vizazi. Ilifungwa na korona, ikarudi Juni 2022. Hii si shoo ya kisasa kwa namna yoyote. Lakini ina tiketi yake, unailipia kiti chako, na asubuhi mtu anaweza kuhesabu jana iliingiza nini.

Jambo hilihili nimelikuta pwani yetu. Hoteli moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa na bendi kamili niliyoizoea: besi, magitaa mawili, ngoma, mpuliza saksofoni aliyejua kumtafuta mgeni mpweke kwa macho na kumpigia. Miaka michache baadaye nilikuta kijana mmoja na kinanda, ngoma zikitoka kwenye kompyuta. Aliimba vizuri, sina neno naye; alikuwa akifanya kazi ya watu sita kwa mshahara wa mmoja. Niliumia kwa sababu najua bendi za hoteli zimetupa nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Them Mushrooms, bendi iliyokuwa ikipigia wageni kwenye hoteli za Mombasa, ndiyo iliyorekodi Jambo Bwana, kazi ya Teddy Kalanda Harrison. Wimbo ule umezunguka dunia. Ulizaliwa kwa sababu kulikuwa na kundi la vijana waliolipwa kusimama mbele ya wageni usiku baada ya usiku, wakijaribu salamu, wakiona kipi kinashika. Kijana na kompyuta yake hapewi nafasi hiyo. Ngoma zake zimekwisha kupangwa.

Hapa inafaa kueleza tofauti kati ya laivu na kinachofanana nayo, maana bustani hutumia neno moja kwa vyote. Shoo nyingi kubwa za siku hizi huendeshwa na saa ya kompyuta. Muziki umerekodiwa, na juu yake waimbaji wachache wanaimba kweli, au wote wanafuatisha mdomo. Saa hiyohiyo ndiyo inayowasha taa, kusogeza jukwaa, kufyatua moto. Kuna sababu nzuri: moto ukifyatuka sekunde mbili kabla ya wakati, mtu anaungua. Lakini saa haisubiri. Kwenye taarab, mtu akinyanyuka na noti kwenda kumtunza mwimbaji, mwimbaji humwona anakuja, akaurudia ubeti ule uliomnyanyua, na safari hii anaukazia. Ala zinamfuata. Shoo ya saa ya kompyuta haiwezi kurudia ubeti. Hata msanii akikuona, hana sekunde ya kukupa.

Nisieleweke kwamba skrini ni uovu. The Bourne Stuntacular, iliyofunguliwa Universal Studios Florida, bustani ya kampuni nyingine, Universal, tarehe 30 Juni 2020, inachanganya watu wanaopigana na kuruka kweli na skrini kubwa mno nyuma yao, kiasi kwamba jicho linashindwa kuona mpaka. Ni kazi ya hali ya juu. Epic Universe ya kampuni hiyohiyo, iliyofunguliwa 22 Mei 2025, ilikuja na shoo kubwa za jukwaani tangu siku ya kwanza, jambo lililonifurahisha kuliko mitambo yake. Shoo ya WaterWorld kule Hollywood, watu wakirukaruka majini na mapikipiki ya maji, imekuwapo tangu 1995. Kwa hiyo anayesema shoo kubwa zimekufa hajatembea. Kinachokufa ni kidogo, cha kona, kisichotangazwa: mzee wa mtaa wa kuigiza anayekuuliza habari za safari, wapiga vyombo wanne kivulini. Hakuna anayenunua tiketi ya ndege kwa ajili yao, na ndiyo maana wakiondolewa hakuna anayefuta safari. Anaondoka tu na siku iliyopungua kitu asichokijua jina.

Tukitaka kujua kama hili ni lazima, tutazame Ufaransa. Huko Vendée kuna Puy du Fou, bustani inayovuta zaidi ya watu milioni mbili kwa mwaka, na haina mtambo hata mmoja wa kupanda. Hakuna. Watu wanakuja kutazama shoo: magari ya farasi yakishindana kwenye uwanja wa Kirumi, ndege wa kuwinda wakipita juu ya vichwa. Ilianza 1978 na shoo moja ya usiku, Cinéscénie, kwenye jukwaa la hekta 23, na bustani ya mchana ikafuata 1989. Mwaka 2021 ikafunguliwa nyingine kamili Toledo, Uhispania. Pale shoo ndiyo bidhaa, kwa hiyo uwekezaji unakwenda kwenye shoo kama kwingine unavyokwenda kwenye reli na magurudumu.

Nina mashaka mawili na mfano huo, na siwezi kuyaficha. Cinéscénie huchezwa na maelfu ya wanakijiji wanaojitolea bila malipo. Ukiambiwa shoo ya watu wengi inawezekana, uliza nani analipwa. Pia historia inayosimuliwa pale ni ya upande mmoja, upande wa mwanzilishi wake, Philippe de Villiers, ambaye ni mwanasiasa, na wanahistoria wamempinga mara nyingi. Hata hivyo bustani ya mchana ni ajira, na inathibitisha kwamba watazamaji hawajachoka kutazama watu. Amechoka nani? Hakuna aliyechoka.

Malipo ndiyo yanayonirudisha Marekani. Mei 2024 wasanii wa Disneyland California wanaovaa sura za wahusika na kucheza kwenye maandamano walipiga kura kujiunga na Actors' Equity: 953 walikubali, 258 walikataa. Kundi zima lilikuwa na watu wapatao 1,700. Walitaka malipo na ratiba inayoeleweka, na mavazi na mazingira yasiyowaumiza. Watu wengine waliona hili kama gharama itakayoharakisha kuondolewa kwao. Mimi naona kinyume. Msanii asiyejua wiki ijayo atapewa saa ngapi hawezi kukaa miaka kumi kwenye kona moja hadi watoto warudi wakiwa wazazi na kumwita kwa jina. Ubora ule unaoliliwa ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ubora wa watu waliokaa. Wale wa Dapper Dans na Mariachi Cobre wanapendwa kwa sababu wapo, mwaka hata mwaka.

Kwetu sisi lipo swali jingine ndani ya hili, la nani anasimama pale kwa jina letu. Harambe imewahi kuwa na mpigaji mmoja akitumbuiza kwa jina la Kora Tinga Tinga. Kora ni ala ya Afrika Magharibi, ya Mali, Gambia na Senegali. Tingatinga ni uchoraji wa Dar es Salaam, uliopewa jina la Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972. Vitu hivyo viwili havijawahi kukaa baraza moja. Ukuta wa Harambe ukikosea, utakosea hivyohivyo miaka thelathini. Lakini mpigaji ni mtu. Unaweza kumsogelea akimaliza wimbo, ukamuuliza nyuzi ni ngapi, akakwambia ishirini na moja, na kwamba bibi zako na bibi zake hawakuwa majirani. Vibao vya Kiswahili havijibu maswali. Ndiyo sababu nikisikia bustani ile imepunguza wapigaji na kuongeza vibao, nasikia kitu kinachonihusu.

Kabla ya Festival of the Lion King kuanza, wenyeji hugawa ukumbi: upande huu tembo, ule ngiri, ule simba, na ule mwingine twiga. Kila upande lazima utoe sauti ya mnyama wake. Simba wananguruma, tembo wanapuliza, ngiri wanakoroma. Kwa twiga watu hutazamana, kwa kuwa hakuna anayejua twiga hulia vipi. Kuna wanaonyamaza, kuna wanaocheka, kisha mtoto mmoja anatoa sauti yake ya kubuni, nyembamba, na ukumbi wote unageuka. Muziki wa kurekodiwa bado haujaanza. Mwimbaji amesimama katikati ya uwanja, kipaza sauti mkononi, anatazama upande ule, na anasubiri amalize.